Nani Anaruhusiwa Kufuga Nyoka Nairobi?

Nyoka wa Deno aliuawa Jumapili jioni, saa moja kasoro, kwa jembe la keyateka. Alikuwa nyoka wa kahawia, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mstari hafifu wa rangi ya maziwa ukipita karibu na jicho. Watu wanaojua nyoka humwita nyoka wa nyumba kwa sababu huingia manyumbani akifuata panya. Hana sumu. Deno (si jina lake) alimwokota nyuma ya ploti yetu hapa Mountain View wakati wa masika, akamweka kwenye tangi la samaki lililopasuka pembe moja, akafunika juu na wavu wa dirisha na matofali mawili. Kwa miezi saba nyoka aliishi chini ya kitanda, akila panya mmoja kila baada ya wiki mbili hivi. Tulikuwa watu wawili tu tuliojua.

Siku hiyo tofali moja lilikuwa limesogea. Mtoto wa Mama Shiru akamwona kwenye koridoo, akapiga nduru, na kabla Deno hajavaa viatu keyateka alikuwa amemaliza kazi. Mama Shiru hakupiga kelele. Alimwangalia Deno tu akamwambia, "Deno, mimi nimekuwa nikikupea watoto wangu uwafunze hesabu. Kumbe ulikuwa na hiyo kitu hapo ndani?" Deno akasema haiumi, Mama Shiru, haina sumu. Mama Shiru akaingia kwake akafunga mlango, na kutoka siku hiyo watoto hawakurudi.

Mtu alikuwa amerekodi na simu. Kesho yake asubuhi kamera ya televisheni ilikuwa kwa geti. Mnajua jinsi hizo habari husomwa: kioja kilishuhudiwa, wakazi wakapigwa na butwaa, taharuki ikatanda. Ripota akauliza kijana anatoka wapi. Mtu akasema kwao ni Kitui, na nyuso zote zikaitikia kwa pamoja, aaah, kamuti. Hapo stori ilikuwa imejiandika. Kisha maikrofoni ikaletwa kwangu, jirani wa mlango wa pili. Nikasema sikujua chochote.

Ngoja nimalizie sehemu mbaya. Jioni hiyo mhariri mmoja anayenipa vibarua alinipigia. Alitaka maneno mia nne kuhusu "yule jamaa wa nyoka", na akasema niweke uchawi kidogo, si lazima niseme ni kweli, niseme tu wakazi wanashuku. Nilikuwa na deni la nyumba la mwezi mmoja. Niliandika. Nikalipwa elfu mbili. Deno alihama mwisho wa mwezi, na tulipokuwa tunabeba godoro lake hadi barabarani hakunitajia ile makala, ingawa najua aliisoma.

Nilianza kusoma historia ya wafugaji wa nyoka Nairobi kwa sababu hiyo. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, kwa hivyo sina msimamizi wa kunirudisha nyuma nikipotea. Nilitaka tu kujua kama kuna mtu aliwahi kufanya alichofanya Deno na asiitwe mchawi. Wako wengi. Mmoja hata alifunguliwa bustani.

Ukitoka kwetu unashuka Waiyaki Way, unapita Westlands, unateremkia Museum Hill. Bustani ya Nyoka iko hapo, upande wa pili wa uwanja wa Makumbusho ya Taifa. Kama ulisoma shule ya msingi Nairobi ulipelekwa. Mimi nilipelekwa darasa la nne, na ninachokumbuka ni mwalimu wetu, mtu mkali ajabu, akitembea katikati kabisa ya njia ili asikaribie kioo chochote. Bustani ilifunguliwa Januari 1961, wakati makumbusho bado yakiitwa Coryndon, na msimamizi wake alikuwa Louis Leakey. Huyo ni mtoto wa nyumbani: alizaliwa hapa juu tu, Kabete, mwaka 1903, mwana wa wamishonari, akakua akiongea Kikuyu na wenzake.

Mwenye nyoka hasa alikuwa mwanawe, Jonathan. Jonathan alizaliwa 1940, na nyoka ndio waliokuwa ugonjwa wake. Mwaka 1960, akiwa na miaka kama ishirini, alikuwa Olduvai na wazazi wake, akaokota taya na vipande vya fuvu vya kiumbe ambaye miaka minne baadaye alipewa jina Homo habilis. Mtu mwingine angejenga maisha yake yote juu ya taya hilo. Yeye alirudi kwa nyoka. Alikuwa miongoni mwa waliosimamia bustani ilipoanza, kisha akahamia Baringo akafungua shamba la nyoka, akiwakamua sumu na kuiuza kwa maabara. Aliishi huko karibu na ziwa hadi alipofariki mwaka 2021.

Sina kinyongo na Jonathan Leakey. Nikisoma habari zake namwona Deno mtupu: kijana ambaye wengine wanakimbia na yeye anainama aangalie magamba. Tofauti ni kile kilichokuwa nyuma yake. Alikuwa na baba mwenye makumbusho. Nyoka wake walipokuwa wengi walijengewa ukuta na vioo, watu wakalipa kiingilio, na udadisi wa kijana ukageuka kuwa taasisi.

Kusini ya hapa kulikuwa na C.J.P. Ionides, ambaye siwezi kumruka. Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, alizaliwa 1901, akaja kama mwanajeshi, akawa jangili wa pembe za ndovu, halafu (hii nchi yetu ya zamani!) akaajiriwa na idara ya wanyama ya Tanganyika kuwalinda ndovu hao hao. Alikaa Liwale miaka na miaka. Uzeeni alihamia kwenye nyoka, na huko Newala alikamata mamba wa kijani kwa maelfu. Namaanisha nyoka, si yule wa mtoni. Aliwasambaza kwa makumbusho, bustani za wanyama na maabara za nchi za nje. Wanakijiji walimletea habari, kwamba kuna mmoja kwenye mwembe wa fulani, akawalipa. Vitabu viliandikwa juu yake akiwa hai. Alifia hapa Nairobi mwaka 1968. Vitabu vinamsifu kwa ujasiri, na kweli alikuwa nao, lakini najiuliza kuhusu yule aliyemwona nyoka kwanza, akakaa chini ya mwembe akimlinda kwa macho asipotee hadi mzee afike na fimbo yake. Huyo hana kitabu.

Mwaka huo huo wa 1968 mtaalamu mwingine wa Nairobi, James Ashe, alimweleza kisayansi nyoka mdogo wa mitini kutoka misitu ya Mlima Kenya, upande wa Chuka. Mweusi, kila gamba limezungushiwa njano kwenye ncha, kama mtu amemchora kwa subira. Akampa jina Atheris desaixi, kwa heshima ya Frank DeSaix, kijana Mmarekani aliyekuja Kenya kujitolea na Peace Corps. Hakuwa mwanasayansi. Alikuwa kijana aliyependa nyoka na akawaokota alipofanya kazi. Jina lake sasa liko kwenye kila kitabu cha nyoka wa Afrika. Ashe naye alihamia Watamu, na mwaka 1980 yeye na mkewe Sanda wakafungua Bio-Ken, shamba la nyoka ambalo mpaka leo watu wa Pwani hulipigia simu wakiona kobra jikoni. Alikuwa ameshikilia kwa miaka kwamba yule swila mkubwa anayetema wa Pwani ni aina ya peke yake. Alifariki 2004. Mwaka 2007 sayansi ilimkubalia, na nyoka huyo akaitwa Naja ashei.

Watu hawa wote walianza kama Deno, wakiwa na mkono, chombo na shauku. Wakati wao ilikuwa inawezekana kuanzia hapo.

Sasa, nisiseme kana kwamba Waafrika tulikuwa tukikimbia tu. Ukienda Usukumani, karibu na Mwanza, kuna chama cha Bayeye, watu wa nyoka. Wanajifunza dawa za kuumwa, wanajua kukamata, na wanacheza ngoma na chatu mabegani mbele ya umati. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora bado yanaonyesha hiyo ngoma. Kwa mtazamo wangu hao ndio wafugaji wa kwanza wa nyoka wenye chama Afrika Mashariki: wana kiingilio, wana mafunzo, wana siri za kazi.

Na sisi Kenya tulikuwa na Omieri.

Kama mzazi wako alikuwa mtu mzima mwaka 1987, muulize. Omieri alikuwa chatu mkubwa wa Nyakach, kule Kisumu, na wazee walisema akionekana mvua inakuja na mavuno yanakubali. Mwaka huo aliungua kwenye moto. Magazeti yalifuata hali yake kama ya mgonjwa mashuhuri, na alipokufa watu walilia kweli kweli. Halafu 2003 chatu mwingine akatokea Nyakach, akatulia na mayai yake, wenyeji wakasema amerudi. Umati ukafurika, watoto wa shule wakaletwa, hata BBC ikatangaza.

Nilisoma zile habari za 2003 usiku mmoja nikitafuta maneno yangu mwenyewe, na niliyapata. Zina kicheko kidogo ndani yake. Wanakijiji "wanaamini", wanakijiji "wanadai". Mtaalamu akija "anaeleza". Hakuna mahali mtu anamuuliza mama wa Nyakach swali la kawaida ambalo ungemuuliza mfugaji yeyote: anakula nini, anatoka saa ngapi, umejuaje kwamba ni jike? Na watu waliomwangalia kila siku kwa wiki kadhaa lazima walikuwa na majibu. Mimi pia sikumuuliza Deno. Maneno yangu mia nne hayana hata aina ya nyoka. Niliandika "joka".

Tuje kwa sheria, kwa sababu Deno aliogopa sheria kuliko alivyoogopa televisheni, na ndiyo maana tangi lilikuwa chini ya kitanda badala ya juu ya meza ambapo angeona tofali limesogea.

Kenya ilipata sheria yake kubwa ya wanyamapori mwaka 1976, na 1977 uwindaji ukapigwa marufuku. Hizo zilikuwa siku za pembe na ngozi. Aliyelengwa ni mtu wa bunduki na mtu wa duka la vinyago vya pembe. Nyoka aliingia humo kama abiria. Sheria ya sasa, ya 2013, ilipanua wavu. Inasema mnyamapori ni mnyama yeyote wa mwitu wa asili ya hapa, na inaongeza mimea na hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. (Niliposoma hapo nilienda kuangalia mkate wangu.) Neno lake la nyara linameza mnyama akiwa hai au amekufa, pamoja na ngozi na mifupa yake. Ilipotoka, adhabu ya kuwa na nyara bila kibali ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili.

Haisemi huwezi kabisa. Inasema upate leseni kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Lakini ukiisoma unaona mtu iliyemfikiria: mwenye shamba la kuzalisha, mwenye hifadhi, mwenye bustani ya kutazama wanyama. Mtu mwenye ekari na mwanasheria. Kijana wa chumba kimoja na tangi lililopasuka hayumo kwenye fomu. Huwezi kuwa Jonathan Leakey wa miaka kumi na mitano tena, hata kama wewe ni Leakey.

Kuna sehemu nyingine ya sheria hiyo hiyo ambayo watu wa Kitui na Baringo wanaijua vizuri kuliko mimi. Mwaka 2013 serikali ilikubali kulipa fidia mtu akiuawa au kuumizwa na mnyamapori: milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Nyoka alikuwa kwenye orodha. Madai yakaja mengi kupindukia, kwa sababu ndovu wako sehemu chache na nyoka yuko kila mahali kuna panya na kuni. Marekebisho ya 2018 yakamtoa nyoka kwenye orodha. Kwa hivyo hesabu sasa ni hii: ukimweka kwenye tangi, nyoka ni wa serikali. Akikuuma ukichuma mboga, ni wako na familia yako, na hospitali.

Na hospitalini, dawa ya sumu ukiipata kwa kawaida imetoka India au Afrika Kusini. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa India inaweza isimtambue kabisa moma wetu. Kuna watafiti wa hapa hapa Karen, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani, wanaofuga nyoka na kuwakamua ili tuwe na dawa inayolingana na sumu yetu. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017. Kazi hiyo inahitaji watu wasioogopa kushika kichwa cha nyoka kwa vidole vitatu.

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika makala ya hasira, upande wa Deno moja kwa moja. Halafu nikarudi kwa yule nyoka wa Chuka.

Uzuri wake ndio tatizo lake. Kuna wakusanyaji Ulaya na Marekani wanaolipa pesa nzuri kwa nyoka ambaye hakuna jirani yao aliye naye, na wa Mlima Kenya anapatikana sehemu ndogo sana ya dunia. Vivyo hivyo yule mdogo mwenye pembe wa Bonde la Ufa, Bitis worthingtoni, ambaye haishi nchi nyingine yoyote. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES kule Johannesburg, ni Kenya iliyoomba wote wawili waingizwe kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa, ikakubaliwa. Mwaka huo huo Tanzania, iliyokuwa imeuza nje vinyonga na nyoka kwa miaka mingi, ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai. Na kama unadhani ni mambo ya kale, Mei 2025 mahakama ya pale JKIA iliwatoza watu wanne shilingi milioni 1 kila mmoja, au miezi 12 ndani, kwa biashara ya siafu. Vijana wawili wa Ubelgiji miongoni mwao walikuwa na siafu kama 5,000 kwenye mirija, wakipelekewa watu wanaofuga siafu nyumbani kama samaki wa mapambo.

Kwa hivyo sheria ina adui wa kweli, na adui huyo pia hujiita mpenzi wa wanyama. Nilimwambia Deno hivyo kwa simu, tulipoanza kuongea tena. Alicheka. Akasema, "Buda, mimi na Mbelgiji tunafanana wapi? Yeye alikuwa anatoka na wao. Mimi nilikuwa nakaa na yeye hapa hapa alipozaliwa." Sikuwa na jibu, na bado sina lote. Nadhani kuna nafasi kati ya milioni moja na jembe la keyateka: kitabu cha kujiandikisha pale makumbusho, mafunzo ya Jumamosi, ruhusa ya nyoka wasio na sumu tu, mtu wa kuja kukagua tangi. Bayeye wana utaratibu kama huo na hawana hata ofisi.

Deno sasa anakaa Uthiru, anauza vifuniko vya simu. Hana nyoka. Nilimwendea Jumamosi iliyopita na elfu mbili kwenye bahasha, pesa za ile makala. Hakuzichukua. Aliniuliza kama naandika nyingine, nikasema ndiyo, akaniambia basi andika kwamba alikuwa jike, na kwamba alikuwa anatoka kichakani mwake saa tatu usiku, mvua ikinyesha anatoka mapema.

Halafu akavuta daftari la hesabu la zamani chini ya godoro. Katikati ya kurasa kulikuwa na gamu, ile ngozi nyoka anayovua, nzima kuanzia puani hadi mkiani, nyepesi kama karatasi ya kufungia ndizi choma, hata vifuniko vya macho viko. Alivua mara nne kwa ile miezi saba. Tatu zilikatika. Deno alitaka nikae nayo juu chumba chake kipya kinavuja.

Kwa jinsi ninavyoisoma sheria ya 2013, hiyo pia ni nyara. Nimeshaandika kwamba niliiona. Iko wapi sasa, hilo sitaandika.